Nani Alimleta Mnunuzi Mlangoni

Mdomo wa Mama Pasi ulikuwa na kazi mbili. Ya kwanza, kupulizia maji mashati ya watu. Ya pili, kuwasema wenye mashati. Miaka arobaini alizifanya zote mbili bila likizo, na wateja hawakumkimbia, maana shati likitoka mezani kwake lilikuwa limenyooka mpaka mvaaji naye ananyooka. Mtu aliyeachwa na mke, mtu aliyefukuzwa kazi jana yake, alishuka ngazi za pale anatembea kama waziri.

"Na wewe uache kula umeinamia sahani," alimwambia mwalimu mmoja mtu mzima, mbele ya wateja wengine. "Mchuzi wa wiki hii na wa wiki iliyopita yote iko hapa kifuani. Ukifa leo, watajua ulikula nini bila kukupasua."

Mwalimu alicheka, akalipa, akarudi wiki iliyofuata na mchuzi mwingine.

Hilo la "mama" alipewa bure tu. Mtoto hakujaliwa. Mume alikuwa naye miaka mitatu, akaondoka asubuhi moja amevaa shati jeupe ambalo mkewe alikuwa ametoka kulipiga pasi, na hakurudi. Ukimuuliza Mama Pasi kilichomuuma ni nini, atakwambia shati.

Nyumba aliinunua mwenyewe, kwa mkaa na kwa mgongo. Ilikuwa juu ya kimlima, ngazi kumi na nane za mawe kutoka barabarani, vyumba vitatu. Chumba cha mbele ndicho kilikuwa cha kazi: meza ndefu iliyovishwa blanketi zito, juu ya blanketi shuka kuukuu lenye alama za kahawia za moto, na kamba ukutani za kutundikia. Pasi yake ilikuwa ya mkaa, nzito kama dhambi, na hata umeme ulipoingia hakuiacha. Alisema pasi ya umeme inabembeleza nguo, haiinyooshi. Shule alipita madarasa mawili tu, kwa hiyo hakuandika majina ya wateja. Kila mtu alikuwa na kitambaa chake cha rangi, kimefungwa kwenye furushi lake. Mtu akija kuchukua nguo, kitambaa kinafunguliwa, kinarudi kwenye kopo. Nguo imechukuliwa, kazi imeisha, hakuna cha kuulizana. Ndivyo alivyojua mambo yote ya duniani yanavyokwisha.

Chumba cha pili alilala yeye. Cha tatu, cha nyuma, chenye dirisha dogo la mbao, kilikuwa cha mama yake.

Hapo sasa.

Mama yake aliugua kwenye chumba kile miezi kumi na moja. Mama Pasi alimgeuza, alimwogesha, alimlisha kwa kijiko, na katikati ya hayo akapiga pasi, maana dawa hazitoki mbinguni. Alikuwa na mdogo wake mmoja, tumbo moja, ziwa moja, ambaye aliolewa mji wa mbali kidogo, safari ya nusu siku kwa basi. Katika miezi hiyo kumi na moja mdogo mtu alikuja mara tatu. Alikuja na mfuko wa machungwa na gauni la kutokea, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama anayesubiri kuitwa jina hospitalini, akalia kidogo, akaondoka kuwahi basi.

Siku ya mazishi alifika watu wameshakung'uta udongo kwenye nguo. Alipanda ngazi zote kumi na nane anahema, kamshika mkono binti yake wa miaka minane. Mama Pasi alikuwa mlangoni. Akanyoosha mkono, akauweka kwenye fremu ya mlango kama komeo.

"Wageni wamekula, wameondoka," alisema. "Na wewe ondoka."

"Dada, nipishe nikione tu chumba chake."

"Chumba kilikuwepo miezi kumi na moja."

Watu waliona, watu walisikia. Mdogo mtu akageuka na mtoto wake, akashuka. Baadaye wenye huruma zao walikuja kusema basi liliharibika njiani, hata abiria wenzake walikuwepo wa kushuhudia. Mama Pasi akasema basi haliharibiki miezi kumi na moja. Ikawa ndio mwisho. Miaka kumi na tisa hakuna salamu, hakuna simu, hakuna "fulani anakusalimia".

Uzee ukamjia kwa magoti. Kwanza ngazi kumi na nane zikawa thelathini na sita, maana kila moja aliipanda mara mbili: mguu mmoja, halafu mwingine, halafu anasimama kuitukana. Mzigo wa nguo akaanza kuupandisha kwa awamu. Siku alipoketi kwenye ngazi ya tisa na furushi la mashuka ya nyumba ya wageni, akashindwa kwenda juu na akashindwa kwenda chini, akajua basi. Kulikuwa na chumba kinauzwa chini barabarani, nyuma ya duka la dawa, mlango sawasawa na ardhi. Maji yalikuwa nje uani, lakini akiuza nyumba atakinunua, na zitabaki hela za kuvuta bomba mpaka ndani, asibebe tena ndoo mpaka siku watakapombeba yeye.

Dalali wa mtaa ule aliitwa Futi, kwa sababu ya futikamba iliyoning'inia kiunoni kwake kama kisu cha mchinjaji. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mcheshi, mwenye shati la nailoni lisilohitaji pasi. Hilo shati peke yake lilitosha Mama Pasi asimwamini.

"Mama, masharti yangu mepesi," Futi alisema, huku anapima ukuta. "Nikileta mtu akanunua, unanipa changu. Nisipoleta, sina changu. Hata soda sidai."

"Soda nani angekupa?"

"Basi tumeelewana."

"Na karatasi ya kusaini?"

"Karatasi za nini baina yangu na wewe? Mimi neno langu linatosha. Ila ufunguo naomba, maana mchana unashinda kupeleka nguo za watu. Na kila nitakayemleta ataandika jina lake humu." Akapiga daftari lake kwapani. "Kila mtu na siku yake. Mimi kazi yangu ni safi."

"Shati lako ndilo tungesema safi."

Akampa ufunguo. Ulikuwa na kifungo chekundu cha shati kilichofungwa kwa uzi, usipotee.

Miezi mitatu Futi alileta watu. Wengine Mama Pasi aliwakuta, wengine hakuwakuta. Alikuja bwana mmoja aliyehesabu ngazi kwa sauti mpaka kumi na moja, akageuka. Wakaja wachumba waliogombana kitanda kitakaa upande gani mpaka binti akavua pete. Akaja mama mmoja mnene wa sauti, akagusa meza ya pasi kwa kidole, akauliza, "Hii takataka itaondolewa?" Mama Pasi akamwambia itaondoka siku moja na yeye, na atangulie.

Kilichovunja mambo kilikuwa kidogo. Siku moja alirudi mapema na kapu tupu, akamsikia Futi ndani anamtembeza mteja. "Hapa sebule. Hapa chumba cha kulala. Na huku nyuma, hiki ni stoo tu."

Stoo!

Mama Pasi aliingia na mkono umenyooshwa mbele, kiganja juu. "Lete ufunguo wangu."

"Mama, kuna mteja..."

"Mteja aende akanunue stoo kwa mama yako. Lete."

Futi akaubandika kiganjani. Mama Pasi akaufunga kwenye kona ya kitenge, na moyoni mwake yale mapatano yakaisha palepale. Nguo imechukuliwa, kazi imeisha. Wala hakuwaza mara mbili.

Wiki mbili baadaye, asubuhi, mtu akabisha. "Hodi! Naulizia nyumba inayouzwa."

Akafungua. Alisimama mwanamke kijana, kama ishirini na saba, mikono imejaa alama ndogondogo za moto mpaka kwenye viwiko, na shati, Mungu amsamehe, limekunjamana kama limetafunwa na mbuzi likatemwa.

"Karibu. Umetokea jikoni au vitani?"

"Nachomelea mageti, mama. Madirisha, mageti, ngazi za chuma. Cheche hizo." Akashusha mikono. "Mama mkubwa, mimi ni mtoto wa mdogo wako."

Mama Pasi alimtazama, akatazama ile mikono, akatazama ya kwake mwenyewe, alama zilezile, nyingine za miaka arobaini. Mkono wake ulitaka kwenda kwenye fremu ya mlango. Sijui ulichoka, sijui ulizeeka, haukufika.

"Umefuata nini?"

"Nimefuata nyumba. Nina karakana yangu, nina akiba. Mama anaishi kwangu, macho yake yamefifia. Nataka kununua, sijaja kuomba."

Ni lile neno la mwisho lililompatia kiti. Angeomba, angeshuka ngazi zake. Lakini mtu anayenunua ananunua, na Mama Pasi hakuwa na mnunuzi mwingine, na magoti yake yalikuwa yanamsikiliza yule binti kuliko yeye. Wakataja bei. Binti hakushusha hata kidogo, na bei ile ilikuwa ya kushushwa, kila mtu mtaani alijua. Wakaenda ofisi ya mtaa wakaandikishana. Mama Pasi akapokea, akanunua chumba chake cha nyuma ya duka la dawa, akamwita fundi bomba aje kupima.

Kabla fundi bomba hajafika, alifika Futi.

"Mama, hongera. Nasikia umeuza."

"Nimeuza mwenyewe. Kwa damu yangu. Wewe ulikuwa unapima kuta za nani?"

"Sawa. Nimefuata changu."

Mama Pasi alicheka mpaka pasi ikafunguka mdomo. "Chako? Ufunguo nilichukua, ukanyamaza. Ndugu yangu amekuja kwa miguu yake, amebisha kwa mkono wake, nimemfungulia mimi. Nitakulipa kwa kupumua?"

Futi hakupandisha sauti. Alifungua daftari, akalamba kidole, akapekua, akaliweka juu ya meza ya pasi karibu na kola ya mwalimu. "Soma hapo, mama."

Mama Pasi kusoma alisoma kwa kuvuta, herufi moja moja kama anang'oa misumari. Lakini kulikuwa na majina mawili aliyoyatambua hata bila kuvuta. Moja lake. La pili alikuwa ameliona limechongwa kwenye saruji ya kaburi. Na hilo ndilo lilikuwa pale kwenye daftari la Futi, kwa wino wa buluu: jina la mama yake mzazi. Maana yule binti, alipozaliwa, alirithishwa jina la bibi yake.

"Siku gani hii?" aliuliza, na sauti haikuwa ile ya mashati.

"Alhamisi. Wewe ulikuwa umepeleka nguo. Kabla hujachukua ufunguo. Nilimfungulia mimi."

Futi alipoondoka, Mama Pasi akamwita binti. Hakumkaribisha kiti.

"Uliingia nyumbani kwangu sipo."

"Niliingia, mama mkubwa."

"Kama mwizi."

"Kama mteja." Binti alikuwa na mdomo, si ajabu, ulikuwa umetokea pale pale. "Ningekuja peke yangu nikasema ni mtoto wa nani, ungenifungulia?"

Mama Pasi akahamisha pasi kutoka kushoto kwenda kulia. 

"Nilitaka kuona tu kama nyumba ingalipo. Mama kila siku ananiuliza habari ya dirisha la bibi, mpaka wakati wa kula. Nikamwambia nitakwenda kuona, nitakwambia, uache. Nikamtafuta dalali, nikajifanya nanunua, sikuwa na nia hata ya senti. Futi akafungua kile chumba, akasema stoo." Akatikisa kichwa. "Si stoo. Kuna kitanda. Kuna shuka limetandikwa, limepigwa pasi mpaka pembe zinakata. Miaka kumi na tisa, mama mkubwa. Nikajiuliza, mtu anayefanya hivi, anampigia nani pasi? Nikatoka nimeamua nitarudi, na nitanunua kweli."

Kila Ijumaa Mama Pasi alilitoa lile shuka, akalifua, akalipiga pasi, akalirudisha. Hakuna aliyejua. Hakumwambia mtu kwa sababu angeulizwa kwa nini, na jibu hakuwa nalo.

"Sasa Futi atatupeleka kwa mwenyekiti," alisema.

"Anipeleke. Tutasema ni mambo ya familia." Binti akasogea. "Sisi ndugu. Nyumba hii naijua tangu mtoto, nilikuwa naingia na kutoka. Si uongo, nilikuwa naingia. Dalali hawezi kudai amemleta mtu nyumbani kwa mama yake mkubwa. Hapati kitu, wewe unavuta bomba lako."

Rahisi hivyo. Na ilikuwa rahisi kuliko hata binti alivyodhani. Mama Pasi akisimama pale ofisini akasema "huyu ni mwanangu, mlango wangu ulikuwa wake siku zote", Futi anakwenda zake mikono mitupu, maji yanaingia chumbani, na mtaa mzima unasema kumbe yule mama ana roho nzuri, kumbe walipatana zamani. Akisema ukweli, analipa, anabeba ndoo, na kila mtu anakumbushwa siku ile mlangoni.

Ofisi ya mtaa ilikuwa na meza mbili, feni moja iliyokufa, na dirisha lililojaa vichwa vya watu wasio na kazi. Mwenyekiti alikuwa fundi viatu mstaafu mwenye mafua yasiyoisha. Alimsikiliza Futi, akaliona daftari, akapenga kamasi, akamgeukia Mama Pasi.

"Bibi, maneno yako."

"Ufunguo nilichukua," Mama Pasi alianza. "Kwetu sisi wa pasi, mtu akichukua nguo yake, kazi imeisha."

"Hii si nguo." Mwenyekiti alisema polepole, kama anampigilia mtu kisigino. "Sikia, na nyie wa dirishani msikie, maana kesho mtaniletea kesi hiihii. Ukiuza nyumba yako mwenyewe, kwa mtu uliyempata mwenyewe, dalali hana chake hata kama alikuwa na ufunguo mwaka mzima. Labda kama mliandikiana kwamba yeye peke yake ndiye wa kuuza, na nyie hamkuandikiana. Lakini dalali akikuletea mtu, halafu wewe na yule mtu mkamalizana pembeni, ana chake, hata kama ufunguo ulimnyang'anya, hata kama ulimwita majina. Kwa hiyo ufunguo uache. Nataka jambo moja tu. Huyu mnunuzi, nani alimleta mlangoni?"

"Ni mama yangu mkubwa," binti aliwahi. "Ni nyumba ya familia, nimeijua tangu..."

"Sijakuuliza wewe, binti. Namuuliza bibi."

 Futi alikuwa anakaza na kulegeza futikamba yake.

Mama Pasi alimtazama binti. Jibu lilikuwa tayari mdomoni, laini kama shuka. Tatizo, kwenye lile jibu kulikuwa na mtu wa pili. Akisema mlango ulikuwa wazi kwa mtoto, amesema ulikuwa wazi kwa mama yake. Amesema hakukuwa na siku ile, wala miezi kumi na moja, wala machungwa, wala gauni la kutokea. Amesamehe bila kusamehe, kwa bei ya bomba. Na hasira yake aliitunza miaka kumi na tisa, Ijumaa kwa Ijumaa, kama lile shuka. Hakuwa tayari kuigawa bure.

"Futi alimleta," alisema.

"Mama mkubwa!"

"Nyamaza. Huyu mtoto mlango wangu hakuujua. Aliujua akiwa na miaka minane, nikamfungia, yeye na mama yake. Wengine wenu mlikuwepo, mlikuwa mnakula wali wangu. Miaka kumi na tisa hakuna aliyethubutu kubisha. Huyu wa nailoni ndiye aliyefungua."

Mwenyekiti akakuna shingo. "Lakini bibi, kwa haki yako, aliporudi mara ya pili alibisha mwenyewe, ukamfungulia mwenyewe."

"Nilimfungulia mnunuzi," Mama Pasi alisema. "Na mnunuzi alikuwa wa Futi. Mtoto wa mdogo wangu nisingemfungulia."

Hakuna aliyecheka. Hata wale wa dirishani walitazama viatu vyao. Binti alikuwa amefunika mdomo kwa ile mikono yenye alama za cheche, na haikujulikana kama ni aibu au ni kitu kingine. Maana ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kumsikia mtu akikiri kwamba walifungiwa. Nyumbani kwao lilisemwa tu kwamba basi liliharibika.

Futi ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Alimfuata Mama Pasi mpaka nje. "Mama, nipe nusu tu. Yatosha. Nimeona hali."

"Nusu ya nini? Ulifungua nusu ya mlango?"

Akamlipa chote, mbele ya karani, akaomba na kalamu akaandika jina lake mwenyewe, kwa kuvuta. Fundi bomba alipokuja kupima, aliambiwa arudi kwao na futi zake, hela ya bomba imekwisha.

Siku ya kukabidhi nyumba, Mama Pasi alikuwa amekaa nje juu ya furushi la mwisho, pasi mapajani, imepoa. Mlango ameufunga. Ufunguo wenye kifungo chekundu ulikuwa kwa Futi. Aliutuma kwake jana yake bila maelezo, na Futi, kwa mara ya kwanza, alikuja amevaa shati la pamba.

Mdogo wake alipanda ngazi ameshikwa mkono na binti. Alizipanda moja moja, mguu mmoja, halafu mwingine. Alikuwa amekuwa mzee, jambo ambalo Mama Pasi hakuliweka kwenye hesabu; miaka yote alikuwa akimkasirikia mwanamke wa makamo mwenye gauni la kutokea. Alipofika mlangoni akasimama palepale aliposimama siku ile. Macho hayakuona vizuri, lakini miguu ilipajua. Hakusogea.

Binti alimtazama mama yake, akamtazama mama yake mkubwa. 

"Futi," Mama Pasi aliita.

"Naam, mama."

"Mimi nilikulipa kwa kazi gani?"

"Ya kufungua mlango, mama."

"Mbona umefungwa?"

Futi akafungua. Akausukuma mpaka ukagonga ukuta, akakaa pembeni.

Mdogo mtu alivuta pumzi, akainua mguu, akapita. Akasimama kidogo chumba cha mbele, akapapasa ukuta, akaelekea nyuma mwenyewe bila kuongozwa. Mlango wa chumba cha nyuma ulilia. Kisha mbao zikagonga: tap, tap.

"Dada," sauti ilitoka ndani, ya kizee. "Dirisha bado linagonga?"

Mama Pasi alisimama kwa kusukuma magoti yake kwa mikono. Alikwenda mpaka kwenye fremu, hakuvuka.

"Lilisema linaacha lini? Upepo ukija, kunja karatasi uibane pale chini. Mara mbili, si mara tatu, ukikunja tatu halifungi."

"Mara mbili."

"Na shuka linatolewa Ijumaa."

"Nimelishika." Kitanda kikalia. "Dada, lile basi..."

"Sitaki basi. Kusamehe sijasamehe."

"Sijaomba," mdogo wake alijibu.

Jibu lile lilikuwa la kwao hasa, la tumbo lilelile, na Mama Pasi akakaribia kucheka, akajizuia. Akageuka, akachukua pasi yake. Binti akawahi furushi, Futi akataka kushika pasi, akaangaliwa, akaiacha. Mama Pasi akaanza kushuka, ngazi ya kwanza, ya pili, anasimama, anaitukana, ya tatu. Alipofika ya tisa, pale alipokwama siku ile na mashuka ya wageni, akasikia juu dirisha linafunguliwa, linafungwa, linafunguliwa tena, mtu anajifunza karatasi ya kukunja mara mbili.

"Tatu hizo anakunja," alimwambia binti. "Hasikii. Tangu mtoto hasikii." Akashuka ngazi nyingine. "Na wewe kesho ulete shati hilo. Unanitia aibu."